Zana ya ujenzi na IDE ziwe na lao moja: mwongozo kamili kwa wanaotumia Maven na Gradle

Unafungua mradi kwenye IDE, yaani programu ya kuandikia msimbo, tuseme IntelliJ IDEA, kila kitu kimetulia, hakuna mstari mwekundu hata mmoja. Unahamia kwenye terminali, unaandika `mvn package`, na makosa yanakumiminikia ukurasa mzima. Au kinyume chake: terminali inasema `BUILD SUCCESS`, lakini kihariri kimejaa wekundu kana kwamba hakijawahi kusikia habari za maktaba ulizoongeza. Hapo wengi huanza kubofya ovyo. Futa kashe, funga, fungua, sakinisha upya. Mara nyingine mambo yanakaa sawa, na hujui kilichosaidia ni kipi, kwa hiyo wiki ijayo unaanza tena.

Chanzo huwa ni kilekile. Maven husoma `pom.xml`, Gradle husoma `build.gradle`, na humo ndimo mlimoandikwa maktaba, toleo la Java na folda za msimbo. IDE nayo ina daftari lake la mambo hayohayo, inaloliweka kwenye folda ya `.idea` au kwenye faili ya `.classpath`. Madaftari mawili yakihitilafiana, ugomvi unaanza. Kazi yote iliyo hapa chini ina lengo moja: mwenye kauli awe faili ya ujenzi, na IDE isome tu kilichoandikwa humo.

Nitatumia Java kwa mifano, na IntelliJ zaidi ya nyingine kwa sababu ndiyo ninayoshinda nayo. Eclipse na VS Code nazo nitazipitia.

## Hatua ya 1: Anzia terminali, IDE ikiwa imefungwa

Kabla ya kuilaumu IDE, hakikisha mradi unajengeka bila hiyo. Nenda kwenye folda kuu ya mradi uandike:

```
mvn clean verify
```

au kwa Gradle:

```
./gradlew clean build
```

Ikishindikana hapa, achana kabisa na mipangilio ya IDE. Tatizo liko kwenye mradi wenyewe, au kwenye JDK (kifurushi cha zana za Java, mkompaili akiwemo), au kwenye mtandao. Ikifaulu, sasa una kipimo. Kuanzia hapa, swali lako halitakuwa tena "kwa nini haifanyi kazi", litakuwa "IDE inatofautiana na terminali kwenye nini". Swali la pili lina majibu machache, na yote yanaweza kukaguliwa moja baada ya jingine.

## Hatua ya 2: Toleo la zana likae ndani ya mradi

Kama kila mtu anatumia Maven au Gradle aliyoisakinisha mwenyewe, tayari mna mipasuko. IntelliJ huja na Maven yake ndani, wewe umesakinisha nyingine, na seva ya kujengea ina ya tatu. Dawa yake ni skripti ndogo iitwayo wrapper, inayokaa ndani ya mradi na kupakua toleo lililotajwa, basi. Kwa Gradle:

```
gradle wrapper --gradle-version 8.10
```

Kwa Maven:

```
mvn wrapper:wrapper
```

Utapata `gradlew` au `mvnw`, pamoja na faili ya mipangilio: `gradle/wrapper/gradle-wrapper.properties` kwa Gradle, `.mvn/wrapper/maven-wrapper.properties` kwa Maven. Toleo limeandikwa humo kwenye mstari wa `distributionUrl`. Ukitaka kupanda toleo, unabadilisha mahali pamoja na kila mtu anapanda nawe.

Kuna mitego mitatu hapa, na yote nimewahi kuingia. Wa kwanza: `.gitignore` nyingi zina mstari wa `*.jar`, na mstari huo unaibeba `gradle-wrapper.jar` pia. Kwako inafanya kazi kwa kuwa faili ipo kwenye diski. Mwenzako akichukua mradi anaambiwa `Could not find or load main class org.gradle.wrapper.GradleWrapperMain`. Ongeza mstari huu chini ya ule:

```
!gradle/wrapper/gradle-wrapper.jar
```

Wa pili ni ruhusa. Faili ikiwekwa kwenye Git kutoka Windows hukosa ruhusa ya kuendeshwa, na kwenye Linux unapata `Permission denied`. Amri ya `git update-index --chmod=+x gradlew` inamaliza hilo. Wa tatu ni miisho ya mistari: Git ikigeuza `gradlew` iwe na miisho ya Windows, Linux haitaielewa. Weka `gradlew text eol=lf` ndani ya `.gitattributes` uendelee na safari.

Kisha iambie IDE itumie skripti hiyo. Kwenye IntelliJ, fungua mipangilio, ingia `Build, Execution, Deployment`, halafu `Build Tools`. Kwa Maven, sehemu ya `Maven home path` chagua inayotaja wrapper badala ya ile iliyokuja na IDE. Kwa Gradle, sehemu ya distribution chagua wrapper. Miradi mingi ya Gradle hufika hapo yenyewe, ila kuangalia hakugharimu kitu.

## Hatua ya 3: JDK, kiini cha ugomvi mwingi

Hapa tukae kidogo, maana kesi nyingi ninazoletewa huishia hapa.

Mradi mmoja wa Gradle ukiwa wazi kwenye IntelliJ unaweza kuhusisha JDK nne tofauti, na kila moja ina mahali pake pa kuwekwa. Kuna JDK inayoiendesha IDE yenyewe. Hiyo iache ilivyo. Kuna JDK ya mradi, iliyo kwenye `File`, `Project Structure`, `SDK`. Kihariri huitumia kukuonyesha makosa. Kuna JDK inayoiendesha Gradle, iliyo kwenye mipangilio ya Gradle chini ya jina `Gradle JVM`. Na kuna ya terminali, inayotoka kwenye `JAVA_HOME`, kigezo cha mfumo kinachotaja folda ya JDK. Ukibadilisha moja ukasahau nyingine, umejitengenezea kazi ya jioni nzima.

Anza kwa kuuliza terminali:

```
mvn -v
./gradlew --version
echo $JAVA_HOME
```

Usitosheke na `java -version`. Amri hiyo inakuonyesha Java iliyo mbele kwenye `PATH`, ilhali Maven na Gradle hutazama `JAVA_HOME` kwanza. Nimeona mashine ambako `java -version` ilijibu 21 na `mvn -v` ikajibu 11, na mwenye mashine akaapa kwamba ana Java 21. Alikuwa nayo kweli. Maven ndiyo haikuwa na habari.

Ukipata kosa, lisome kwa utulivu, maana makosa ya JDK yana namba na namba hizo husema ukweli. Chukua hili:

```
Unsupported class file major version 65
```

Toa 44, unabaki na 21. Yaani kuna kitu kimekutana na faili za Java 21 na hakizijui. Kwa hesabu hiyohiyo, 61 ni Java 17, 55 ni Java 11, 52 ni Java 8. Kosa hili likitokea Gradle inapoanza tu, kabla msimbo wako haujaguswa, maana yake Gradle ni ya zamani kuliko Java inayoiendesha. Gradle ilianza kuendeshwa na Java 17 kwenye toleo la 7.3, na Java 21 kwenye 8.5. Upande wa pili, Gradle 9.0 haikubali kuendeshwa na Java iliyo chini ya 17. Kwa hiyo ama upandishe Gradle, ama uishushe `Gradle JVM`. Kufuta kashe hapa ni kupoteza muda.

Kosa jingine:

```
error: release version 21 not supported
```

Hili ni kinyume chake. Faili ya ujenzi inadai Java 21, lakini JDK inayokompaili ni ya chini. Nenda ukaangalie `JAVA_HOME`, au JDK iliyochaguliwa ndani ya IDE.

Ili usirudi hapa kila mwezi, toleo la Java liandikwe ndani ya faili ya ujenzi. Kwa Maven:

```
<properties>
  <maven.compiler.release>21</maven.compiler.release>
  <project.build.sourceEncoding>UTF-8</project.build.sourceEncoding>
</properties>
```

Tumia `release`, usitumie `source` na `target` za zamani. Zile mbili hukagua sarufi ya lugha tu. Unaweza kuandika `target` ya 8 ukiwa na JDK 17, ukaita mbinu iliyoingia Java 11, ikapita bila kosa, na programu ikaanguka siku ya kuendeshwa kwenye Java 8. `release` hukagua pia maktaba za Java zenyewe. Mstari wa UTF-8 nao ni wa lazima kwa miradi inayogusa JDK za kabla ya 18, kwa sababu kabla ya hapo Java ilifuata usimbaji wa mfumo endeshi, na herufi zilizokuwa salama kwenye mashine moja zikageuka alama za kuuliza kwenye nyingine.

Kwa Gradle kuna kitu kizuri zaidi:

```
java {
    toolchain {
        languageVersion = JavaLanguageVersion.of(21)
    }
}
```

Hapa Gradle inaweza kuendeshwa na JDK moja na kukompaili kwa nyingine, na IntelliJ inapousoma mradi huichukua namba hiyo na kuiweka kama JDK ya mradi. Ule mtafaruku wa JDK nne unapungua sana. Jambo moja tu la kuepuka ni kuandika `org.gradle.java.home` kwenye `gradle.properties` ya mradi. Ni njia ya folda kwenye mashine yako, na mwenzako hana folda hiyo. Ukilazimika, iweke kwenye `~/.gradle/gradle.properties`, inayobaki kwako.

Mwisho wa JDK: ukibadilisha `JAVA_HOME`, funga IDE kabisa uifungue tena. Programu iliyokwisha kuwaka hubaki na thamani za zamani. Na ile iliyofunguliwa kwa kubofya ikoni si lazima isome `.bashrc` yako hata kidogo. Gradle nayo huacha mchakato wake ukiendelea kwa nyuma kwa hadi saa 3 baada ya kazi ya mwisho, `./gradlew --status` itakuonyesha, na `./gradlew --stop` itaufunga.

## Hatua ya 4: Ingiza mradi kama mradi wa Maven au Gradle

Kwenye IntelliJ chagua `File`, `Open`, kisha uchague faili ya `pom.xml` au `build.gradle` yenyewe, ukubali kuifungua kama mradi. Ukifungua folda na IDE isitambue kilichomo, utaona faili tu, bila moduli wala maktaba.

Kama mradi ulikwisha kuingizwa vibaya, usihangaike kuunyoosha. Funga IDE, futa folda ya `.idea` na faili za `.iml`, ufungue upya. Utapoteza mipangilio michache ya kuendeshea programu, lakini utapata mradi safi. Kama humo una mipangilio unayoithamini, nakili kwanza.

Sasa sheria isiyo na msamaha: usiongeze maktaba kupitia `Project Structure`. Usibofye pia lile pendekezo la kuongeza jar (faili ya maktaba) kwenye classpath, orodha ya mahali Java inapotafuta madarasa, linalojitokeza juu ya mstari mwekundu. Niliwahi kufanya hivyo nikiwa na haraka. Jar niliivuta kutoka folda ya vipakuliwa, wekundu ukatoweka, nikaendelea kuandika msimbo siku mbili nzima. Siku ya tatu mwenzangu aliongeza kitu kwenye `pom.xml`, nikachukua mabadiliko yake, IntelliJ ikausoma mradi upya, na jar yangu ikafutika. Makosa arobaini na kitu. Nusu ya asubuhi nilikuwa namshuku yeye.

Maktaba inaandikwa kwenye faili ya ujenzi, kisha IDE inaambiwa isome upya: kitufe cha `Reload All Maven Projects`, au `Reload All Gradle Projects`, kwenye paneli iliyo kulia. Usipobofya, IDE itaendelea na daftari la jana.

## Hatua ya 5: Amua nani anakompaili

Mafahali wawili hawakai zizi moja, na wakompaili wawili wakiandika kwenye folda moja utajuta. IntelliJ kwa kawaida humwachia Gradle kazi ya kujenga na kupima. Kwa Maven haifanyi hivyo: hukompaili yenyewe na kuandika ndani ya `target/classes`, palepale Maven inapoandika. Kuna kisanduku cha `Delegate IDE build/run actions to Maven` kwenye mipangilio ya `Runner`.

Je, ukiwashe? Kwa mradi mdogo usio na plagini za ajabu, mimi nakiacha kimezimwa, kwa kuwa mkompaili wa IDE ni mwepesi. Mradi ukiwa na plagini zinazozalisha msimbo au kubadilisha faili za rasilimali, nakiwasha na kuvumilia ucheleweshaji. Kwa Gradle, naacha `Build and run using` na `Run tests using` zote kwenye Gradle. Wapo wanaohamisha kwenda IntelliJ ili wapate kasi. Wafanye, ila wakumbuke kwamba jaribio lililopita ndani ya IDE halijapita kwenye Gradle.

Tofauti moja huwasumbua watu bila kujitambulisha: folda ya kazi. Programu yenye moduli nyingi ikiendeshwa na IntelliJ, kwa kawaida folda ya kazi ni mzizi wa mradi mzima. Majaribio yakiendeshwa na Maven, folda ya kazi ni ile ya moduli. Basi msimbo unaofungua `data/mfano.csv` utaiona faili upande mmoja na kuikosa upande wa pili. Soma faili kama hizo kutoka `src/test/resources` kupitia classpath, usitegemee folda.

## Hatua ya 6: Msimbo unaozalishwa

Kama mradi unatumia anotesheni zinazozalisha madarasa, au plagini inayotengeneza msimbo kutoka kwenye faili za protobuf au OpenAPI, IDE haiwezi kuona kitu ambacho hakijazalishwa. Wekundu hapo ni wa haki. Endesha `./mvnw compile` au `./gradlew classes` kwanza, kisha usome mradi upya.

Ikibaki nyekundu, fungua folda yenyewe utazame kwa macho. Kwa anotesheni, Maven huweka kwenye `target/generated-sources/annotations`, na Gradle huweka kwenye `build/generated/sources/annotationProcessor/java/main`. Faili zipo lakini IDE haizioni? Basi folda haijatambuliwa kuwa ya msimbo. Turekebishe plagini kwenye faili ya ujenzi, si kwa kubofya folda na kuiwekea alama, maana alama hiyo itafutika kama jar yangu. Faili hazipo kabisa? Rudi Hatua ya 1.

## Mtandao na kashe, kwa ufupi

IDE kufika mtandaoni hakumaanishi Maven inafika. Proksi uliyoiweka kwenye mipangilio ya IDE ni ya IDE kupakulia plagini zake. Maven hutaka iandikwe ndani ya `~/.m2/settings.xml`, na Gradle ndani ya `~/.gradle/gradle.properties`:

```
systemProp.https.proxyHost=proksi.mfano
systemProp.https.proxyPort=8080
```

Ukiona `PKIX path building failed`, JDK haikiamini cheti cha seva, jambo la kawaida kwenye mitandao ya ofisi inayokagua mawasiliano. Cheti huingizwa kwa `keytool -importcert -cacerts`, na huingizwa kwenye kila JDK inayotumika. Zile nne, unazikumbuka.

Maven pia ina kinyongo: ikishindwa kupakua maktaba mara moja, huandika faili ya `.lastUpdated` ndani ya `~/.m2/repository` na haijaribu tena mpaka muda upite, hata mtandao ukirudi. `./mvnw -U verify` huilazimisha ijaribu. Kwa Gradle ni `--refresh-dependencies`. Kufuta `~/.m2` yote ni dawa ya mwisho kabisa. Utapakua upya kila kitu cha kila mradi. Nayo `Invalidate Caches` ya IntelliJ ina faida pale tu terminali inapokubali, JDK zinalingana, mradi umesomwa upya, na bado kihariri kinang'ang'ania wekundu.

## Ukiwa na Eclipse au VS Code

Misingi ni ileile, ila kuna jambo moja la kujua: zote mbili hukagua msimbo kwa mkompaili wa Eclipse, si `javac`. Mara chache sana, hasa kwenye jeneriki zilizosokotana, mmoja hukubali mstari ambao mwingine anaukataa. Anayeamua ni `javac` ya Maven au Gradle.

Kwenye Eclipse, baada ya kubadilisha `pom.xml` bonyeza `Alt+F5` usasishe mradi. Ukiambiwa `Plugin execution not covered by lifecycle configuration`, Maven yako haina ugonjwa. Eclipse inasema haijui kama plagini hiyo iendeshwe kila unapohifadhi faili. Ukichagua ipuuzwe ndani ya Eclipse, terminali itaendelea kuiendesha kama kawaida.

Kwenye VS Code, tenganisha JDK inayoendesha huduma ya lugha ya Java na JDK za miradi. Za miradi huorodheshwa kwenye `java.configuration.runtimes`:

```
"java.configuration.runtimes": [
  { "name": "JavaSE-17", "path": "/njia/ya/jdk-17" },
  { "name": "JavaSE-21", "path": "/njia/ya/jdk-21", "default": true }
]
```

Mambo yakigoma, amri ya `Java: Clean Java Language Server Workspace` ndiyo sawa na kufuta `.idea`.

## Hatua ya mwisho: Jaribu kama mgeni

Kwenye Git weka faili za ujenzi, skripti za wrapper na folda zake. Acha nje `target`, `build`, `.gradle`, `*.iml`, `.classpath`, `.project` na, kwa timu nyingi, `.idea` yote.

Kisha nenda kwenye folda tupu, mahali ambapo mradi haujawahi kuwepo, uuchukue upya kutoka kwenye Git. Endesha `./mvnw verify` au `./gradlew build`. Ikipita, fungua folda hiyo mpya kwenye IDE, subiri imalize kusoma, uendeshe jaribio moja tu. Usiguse mpangilio wowote. Ukijikuta unalazimika kubofya mahali ili wekundu utoke, andika ulichobofya: hicho bado hakijaingia kwenye faili ya ujenzi.